Meno ya kahawia si uchafu

Juma hili tuzungumzie jambo ambalo wakazi wa Nakuru huliona kila siku watu wanapocheka: meno yenye madoa ya kahawia. Mara nyingi mtoto mwenye meno hayo hukemewa kwamba hapigi mswaki. Wazazi wengine humsugua kwa majivu au mchanga hadi fizi zikatoa damu. Huko ni kumwonea bure. Madoa hayo hayakushika nje ya jino. Yamo ndani yake.

Chanzo ni nini?

Bonde la Ufa lina mawe ya volkano. Maji ya chini ya ardhi yanapopita katika mawe hayo, huyeyusha madini yaitwayo floraidi. Floraidi kidogo hukinga meno yasioze, lakini ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Nakuru hupita kiwango hicho.

Anayeathirika zaidi ni mtoto wa chini ya miaka 8, kwa kuwa meno yake ya kudumu yangali yanaundwa ndani ya fizi. Yakishatoka na madoa, hakuna dawa ya mswaki itakayoyasafisha. Mtu anayekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi aweza pia kuumwa na mifupa, na viungo vyake vikakakamaa.

Mbona si wote?

Chukua mfano wa watoto wawili wa mtaa wa Free Area, waliozaliwa mwaka mmoja. Wazazi wa wa kwanza wana nyumba yao, yenye mifereji na tangi la maji ya mvua. Mvua ikikosekana, hununua maji yaliyochujwa. Wa pili anaishi katika chumba cha kupanga. Paa si lao na mahali pa tangi hapana. Mama yake, anayeishi kwa vibarua, hununua maji ya mtungi kwa mwenye mkokoteni bila kujua yametekwa wapi. Mawe yaliyo chini yao ni yale yale. Kinachowatenganisha ni pesa na umiliki wa nyumba.

Mtoto huyo akikua, hujifunza kuziba mdomo kwa mkono anapozungumza, hata anapotafuta kazi. Daktari wa meno aweza kuyafunika madoa, lakini kwa gharama ambayo kibarua hawezi kuimudu. Hivyo umaskini uliomletea madoa ndio unaomzuia kuyatibu.

Siasa nayo imo. Bomba lipite wapi, kisima kipi kichimbwe, maji yapimwe au yasipimwe, yote huamuliwa katika bajeti. Mwaka 2008, tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilieleza kwamba afya hutegemea mazingira ambamo watu huzaliwa, hukua na hufanya kazi, na kwamba tofauti hizo zaweza kuzuiwa. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji zimo mikononi mwa kaunti. Basi mkazi wa Free Area anayedai maji salama haombi hisani.

Ufumbuzi unajulikana. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Hata hivyo mkaa huo huchoka na sharti ubadilishwe. Gharama hiyo ni nzito kwa familia moja, lakini ni nyepesi katika kioski kinachohudumia mtaa mzima.

Fanya hivi

1. Chemsha maji kuua vijidudu, lakini usidhani umeondoa floraidi. Hubaki yote, na maji yakipungua huzidi kukolea.

2. Kinga maji ya mvua, hata mitungi miwili, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Yatibu, kisha uwawekee watoto wadogo ya kunywa na kupikia.

3. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Yana floraidi kidogo sana.

4. Punguza magadi katika githeri na maharagwe. Nayo huwa na floraidi.

5. Mtoto mdogo atumie dawa ya meno kidogo tu, na aiteme.

6. Mwulize mwenye kisima matokeo ya kipimo cha floraidi. Akikosa jibu, wapangaji wa ploti nzima wapeleke swali hilo pamoja katika kikao cha bajeti ya kaunti.