Moyo Hausubiri Mlipuko Upite

Kijitabu kwa wananchi wa Mitundu na vijiji jirani, Halmashauri ya Wilaya ya Itigi

Machi 16, 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyeingia kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Ndoo za maji tiririka zikawekwa milangoni, watu wakaacha kupeana mikono. Tahadhari hizo zilikuwa za lazima. Lakini hofu ilizaa jambo jingine: mgonjwa wa moyo alianza kuiogopa hospitali kuliko ugonjwa wake.

Nchi zilizokuwa zikiwahesabu wagonjwa hawa kila wiki zililiona hilo wazi. England, waliolazwa kwa shambulio la moyo na hali zinazolikaribia walipungua kwa asilimia 40 mwishoni mwa Machi 2020. Italia, katika wiki moja ya mwezi huohuo, walipungua karibu nusu, na kati ya waliofika na shambulio kubwa la moyo, lile la mshipa kuziba kabisa, walifariki asilimia 13.7, ilhali wiki kama hiyo mwaka 2019 ilikuwa asilimia 4.1. Mioyo haikuwa imepona ghafla. Watu walibaki nyumbani wakisubiri maumivu yatulie, na wengi walipoamua kuondoka, muda ulikuwa umekwisha.

Si kila kubanwa pumzi ni korona

Hapa kwetu hatari ilijificha kwenye pumzi. Siku zile kila aliyehema kwa shida aliambiwa ana changamoto ya upumuaji, akafunikwa blanketi juu ya sufuria ya nyungu. Kwa mzee mwenye presha ya miaka mingi, kuhema huko kunaweza kuwa moyo uliochoka, maji yakijaa mapafuni. Mvuke hauyatoi maji hayo, wala hauzibui mshipa wa moyo ulioziba. Tunalisisitiza hili kwa sababu presha ndiyo chanzo kikubwa cha moyo kushindwa kazi nchini, na wengi wenye presha hawajawahi hata kupimwa.

Dalili za moyo ni hizi: kifua kubana au kulemewa kama kimewekewa gunia, maumivu yanayopanda hadi bega, mkono wa kushoto, taya au mgongoni, jasho jembamba la baridi, kichefuchefu, kuishiwa nguvu. Mara nyingi mtu husema ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa ya kutuliza na kulala. Akina mama, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa. Wanahema tu na kulegea. Mwenye moyo unaoshindwa kazi hukosa pumzi akilala chali, akalazimika kukaa kitako usiku, na miguu huvimba.

Ondokeni mapema

Mshipa ukiziba, nyama ya moyo huanza kufa ndani ya saa ya kwanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa chache za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake huwa ndogo sana. Kutoka Mitundu hadi Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi, barabara ya masika inakula muda huo. Kwa hiyo msisubiri kikao cha ukoo wala kupambazuka.

Mkalisheni mgonjwa ameegemea, mlegezeeni nguo, asitembee kwa miguu. Mpelekeni kituo cha karibu apimwe presha na kiwango cha oksijeni, na mhudumu apige simu mbele kuomba rufaa. Aspirini atafune kwa maelekezo ya mhudumu. Mwenye mzio nayo au anayetapika damu asipewe.

Wakati wa mlipuko mvalisheni barakoa, nawisheni mikono, asindikizwe na mtu mmoja. Mlangoni semeni kwanza: "Kifua kimembana tangu saa fulani," kisha mtaje homa au kikohozi kama vipo. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili, kwani korona yenyewe huuchosha moyo na kugandisha damu. Kutengwa kwa ajili ya uchunguzi hakumnyimi haki ya kutibiwa moyo, na ndugu waulize kwa adabu lakini bila woga.

Dawa zisikatike

Milipuko haikuishia kwenye korona. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera Machi 2023, ukarudi Januari 2025. Mlipuko wowote ukija, mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiache dawa kwa kuogopa foleni ya kliniki. Muulize mganga kama unaweza kupewa za miezi miwili, tunza kadi yako mahali ambapo hata mtoto anapajua, na kwa maswali piga 199, namba ya Wizara ya Afya, bila malipo.