Usilimwagie Kochi Maji
Kochi la kitambaa huharibiwa na maji mengi kuliko vumbi. Sponji ya ndani ikilowa hukawia kukauka. Ukungu huota, na mtoto mwenye pumu huanza kubanwa kifua.

Kung'uta kwanza vumbi kwa brashi kavu, hasa kwenye mikunjo. Kisha koroga sabuni ya unga kidogo katika maji ya vuguvugu, usugulie povu lake tu. Jaribu nyuma ya kochi kwanza, uone kama rangi inatoka. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, maana sabuni inayobaki hunasa vumbi upya. Chai ikimwagika, kandamiza kwa kitambaa kikavu. Kusugua hulieneza doa.

Chagua siku ya jua, madirisha wazi. Wakati wa masika afadhali ungoje.