SOMO LA DUKA LA CHAMA: ZAILITOLI, UTAMU UTOKAO KATIKA GUNZI



Somo hili lawahusu kwanza wale ambao vyama vyao vina maduka. Peremende, chingamu na dawa za meno zilizoandikwa kwamba hazina sukari zimekwisha kuingia katika biashara, na mwanachama mwenye ugonjwa wa kisukari akiziona rafuni hatakosa kumwuliza muuzaji kama zamfaa. Muuzaji asiyejua hujibu lolote limjialo, na katika mambo ya afya jibu la namna hiyo laweza kumgharimu mtu maisha yake.

Zailitoli ni nini? Ni kitu cheupe mfano wa sukari, chenye utamu sawa na wa sukari, ambacho huacha ubaridi kidogo ulimini. Wataalamu wa kemia hukiweka katika jamii iitwayo alkoholi za sukari, pamoja na ndugu zake sobitoli, manitoli, maltitoli na erithritoli. Jina hilo lisimtie mtu shaka ya dini wala ya afya: zailitoli si pombe na hailevi. Imeitwa hivyo kwa sababu ya jinsi chembe zake zilivyoungana, basi. Imo kwa uchache katika matunda na mboga, na hata ini la binadamu hutengeneza gramu chache kila siku.

Viwandani hutolewa katika miti ya nchi za baridi, au katika magunzi ya mahindi. Magunzi huchemshwa pamoja na tindikali mpaka yatoe sukari iitwayo zailosi. Sukari hiyo husafishwa, kisha hutiwa hewa ya hidrojeni kwa kani kubwa. Kazi hii haifanyiki jikoni wala katika karakana ya chama. Kwa hiyo akitokea mtu wa kuwachangisha wanachama fedha kwa ahadi ya kununua magunzi yao, Halmashauri imtake kwanza mkataba ulioandikwa na mahali kiwanda kilipo. Hadi hapo, gunzi ni kuni nzuri.

Sifa kubwa ya zailitoli ni juu ya meno. Vijidudu vya kinywani hula sukari tuilayo na kutoa tindikali, nayo ndiyo itobayo jino. Zailitoli hawawezi kuigeuza kuwa tindikali. Katika mji wa Turku, nchini Finland, wataalamu waliwachukua watu 125 wakawagawa katika makundi matatu: moja likala sukari ya kawaida, la pili sukari ya matunda, la tatu zailitoli. Matokeo yalitangazwa mwaka 1975. Baada ya miaka miwili kundi la zailitoli halikuwa na matundu mapya ya kutajika, na mwaka ule ule chingamu ya zailitoli ilianza kuuzwa huko. Lakini tusikimbilie kushangilia. Watu wale walibadilishiwa karibu chakula chao chote chenye sukari, jambo ambalo hapana mnunuzi wa chingamu alifanyaye. Uchunguzi wa jumla uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba dawa ya meno yenye floridi na zailitoli hupunguza matundu kwa watoto kwa kiasi cha asilimia 13 kuliko yenye floridi peke yake, na wachunguzi wenyewe walisema ushahidi huo ni hafifu. Mswaki na floridi vyabaki kuwa ngao ya kwanza.

Sasa tuje kwa mwenye kisukari. Gramu moja ya sukari hutia mwilini kalori 4. Ya zailitoli hutia 2.4, nayo huipandisha sukari ya damu kidogo sana. Hiyo ni faida. Hata hivyo biskuti isiyo na sukari bado ina unga, na unga hugeuka sukari tumboni.

Kuna jambo jingine ambalo twaomba lisomwe mara mbili. Mgonjwa atumiaye insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, huweza kushukiwa na sukari ghafula: hutoka jasho, hutetemeka, maneno humpotea. Saa hiyo ahitaji sukari halisi, ya kukorogwa majini au soda ya kawaida, maadamu bado aweza kumeza. Peremende ya zailitoli haitamwokoa, kwa sababu ile ile iliyoifanya isifiwe. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali upesi. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii isifukuze sukari yote kabatini.

Juu ya tumbo hatuna haja ya kusema mengi. Zailitoli na sobitoli huingia mwilini nusunusu. Sehemu ibakiayo huvuta maji utumboni na kuchachuka, na mlaji hupata gesi au kuharisha. Mtoto mwenye kuharisha asipewe kabisa. Mama lishe naye ajue kwamba hamira haili zailitoli, hivyo asiitegemee kuumua unga wa maandazi.

Mbwa, kwake ni sumu. Kiasi cha gramu moja tu chaweza kumshusha sukari mbwa wa kilo 10 hata akapepesuka na kuanguka, na kikizidi humwua ini. Wafugaji wasitupe mabaki ya chingamu uani.

Mwaka 2024 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba watu wenye zailitoli nyingi katika damu walipatwa zaidi na magonjwa ya moyo na kiharusi, na kwamba kinywaji chenye gramu 30 kiliifanya damu iwe nyepesi zaidi kuganda kwa muda. Kwa kuwa mwili hujitengenezea zailitoli, hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba chakula ndicho kilicholeta maradhi. Kwa maoni yetu, chingamu moja mbili si neno; kuifanya sukari ya chai ya kila siku, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo, ni jambo la kumwuliza daktari kwanza.

Katika kusoma vibandiko, Katibu atazame namba: E967 ni zailitoli, E420 sobitoli, E421 manitoli, E965 maltitoli, E968 erithritoli.

Kwa majadiliano ya kikundi: Ni bidhaa zipi dukani mwetu zenye namba hizi? Ni wanachama wangapi nyumbani mwao yumo mtumia insulini, na je, jirani zao wajua la kufanya sukari ikimshuka usiku?