Lambo husomwa kiangazi

Mwezi wa kumi, maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yakisharudi nyuma na kuacha tope lililopasukapasuka, wavuvi wengi wa ndoano hupumzisha mianzi yao. Mimi ndio wakati wangu wa kuvaa mabuti. Sibebi ndoano wala chambo. Nabeba daftari na chupa ya maji ya kunywa, natembea pale ambapo miezi sita baadaye kutakuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima.

Ninachotafuta ni vitu. Kisiki, korongo, rundo la mawe, kichuguu kilichozama, ukingo wa mto wa zamani. Bwawa ni mto uliozibwa. Hapa mito ya Ruvu na Kikuletwa hukutana, na ukuta ulipokamilika katikati ya miaka ya 1960 maji yalipanda juu ya nchi kavu iliyokuwa na miti na mifereji yake. Ukilitazama limejaa, utadhani ni sahani moja tambarare na samaki wamesambaa kila mahali. Sivyo. Samaki hukaa penye kitu cha kujifichia au kulia, na kitu hicho hukioni ila maji yakipungua.

Ukipata kisiki kizuri, usiandike "hatua arobaini kutoka ukingoni", maana ukingo utahama. Tafuta alama mbili zilizo juu, ambazo maji hayazifikii. Mimi nina mgunga mmoja mkubwa na nyuma yake paa la bati la nyumba kilimani. Nikiona mgunga umeziba pembe ya kushoto ya lile paa, najua kisiki kipo mbele yangu. Alama kama hizo ninazo saba, na nne tu ndizo zinazonipa samaki, lakini hizo nne zinatosha. Kwenye malambo madogo ya mifugo kazi ni rahisi zaidi: tafuta mahali udongo ulipochimbwa kujengea tuta. Shimo hilo ndilo lenye kina, na jua likiwa kali samaki hukimbilia humo. Ila ramani ya lambo huzeeka. Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1957, na mvua zote tangu wakati huo zimekuwa zikiliingizia mchanga na tope. Palipokuwa shimo jana, leo panaweza kuwa kitanda cha matete. Rudi kila kiangazi.

Sasa vifaa, na hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu watu hutumia fedha nyingi bure. Mwanzi wa mita tatu au nne, mkavu, mwembamba nchani. Mshipi wa nailoni, mwembamba kwa perege, mnene kwa kambale. Chelezo unakata kwenye ndala iliyochakaa, kipande cha ukubwa wa kifundo cha kidole, basi. Chubwi ni risasi kidogo au nati ya baiskeli. Kinachoharibu uvuvi wa wengi ni ndoano.

Siku zangu za mwanzo nilikuwa nikivua na ndoano kubwa, nikiamini samaki mkubwa anataka chuma kikubwa. Mzee mmoja akaja akakaa hatua chache kutoka nilipo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo ndoano unamvua nani, nyangumi?"

Alitoa yake: uwazi wake haukuzidi upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho. Perege, hata akiwa wa kujaa sahani, ana mdomo mdogo, na chakula hakibugii, anakidonoa. Chambo kikiwa kikubwa hukila pembenipembeni mpaka kikaisha, na wewe unabaki kuona chelezo kinacheza. Dukani kumbuka namba zinakwenda kinyume: namba ikikua, ndoano inapungua. Kwa perege omba kumi na mbili au kumi na nne.

Chambo cha perege ni ugali. Usiwe ule wa mezani. Songa mgumu, ukiwa bado wa moto ongeza unga wa ngano kidogo, ukande kwenye kiganja mpaka uvutike kama ulimbo. Ukiudondosha ndani ya kikombe cha maji ukakaa dakika kumi bila kumeguka, umeiva. Kata kidonge cha ukubwa wa punje ya hindi, funika ncha ya ndoano na uache mgongo wake. Minyoo ni mizuri pia, na mvua za kwanza zikitoa kumbikumbi usihangaike na kitu kingine.

Kabla ya kutupa, pima kina. Funga chubwi nzito kwenye ndoano, shusha mahali unapotaka kuvua, kisha sogeza chelezo juu au chini mpaka kichungulie tu juu ya maji. Toa ile chubwi nzito, punguza mshipi shubiri moja. Sasa chambo chako kinaning'inia shubiri moja juu ya tope, mahali perege anapopita akitafuta. Tupa mahali hapo konzi moja ya pumba za mahindi iliyofinyangwa na udongo, kisha tulia robo saa. Wengi hawana subira ya hiyo robo saa. Wanahamahama, na kila wanapohamia wanakanyaga ukingo kwa kishindo, na samaki huhisi kishindo kabla hajaona kivuli.

Chelezo kina lugha yake. Kikitetemeka, wanadonoa, acha. Kikilala chali, perege ameinua chambo. Kikienda upande, hata polepole, vuta, lakini kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Ukivuta kwa bega utarudisha ndoano tupu, au mdomo wa samaki mtupu.

Watu husema samaki huvuliwa alfajiri. Ni kweli kwenye bwawa kubwa lenye upepo. Kwenye lambo dogo lililokolea ukijani, alfajiri ni saa mbaya kuliko zote. Ule ukijani ni mwani, nao mchana hutoa hewa ndani ya maji, usiku huitumia. Kufika saa kumi na mbili asubuhi hewa imebaki kidogo, na utaona perege wamekuja juu wanapumua kwa shida, midomo wazi. Samaki anayetafuta pumzi hana habari na ugali wako. Kalale, rudi saa tatu au saa nne jua likiwa limefanya kazi yake. Upepo nao usiukimbie. Unasukuma maji na chakula kuelekea ng'ambo unakovuma, kwa hiyo kaa ukingo ule unaopigwa na mawimbi, upepo ukikupiga usoni. Kutupa ni kugumu huko, lakini wao wapo huko.

Ukikuta mahali pa maji machache pana vishimo vya mviringo kama mabakuli yaliyopangwa mchangani, ni viota vya perege. Dume huchimba, jike hutaga, kisha jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Kwa muda huo hali kitu cha maana, hivyo ukimnasa mara nyingi ni kwa bahati mbaya. Ukiona mashavu yamevimba na vijipunje vya manjano vinamwagika, mrudishe upesi. Mwaka 2016 Nyumba ya Mungu lilifungwa kwa uvuvi kwa sababu samaki walikuwa wamepungua, na sisi wa ndoano tulikaa nyumbani pamoja na wa kokoro, ingawa hatukufanana makosa. Kabla ya kuvua popote, muulize ofisa uvuvi au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha ufuko huo kuhusu leseni na maeneo yaliyozuiwa. Sumu, iwe ya utupa au ya dukani, ni kosa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ng'ombe wa jirani anakunywa maji hayohayo.

Kambale ni habari nyingine kabisa. Huyu ni wa usiku na wa maji machafu, anatafuta kwa sharubu, kwa hiyo mpe kinachonuka: utumbo wa kuku uliokaa juani nusu siku, ini, hata kipande cha sabuni ya mche, ambacho kuna wavuvi wanakiapia. Ndoano kubwa, mshipi mnene, chambo kilale kwenye tope karibu na magugu. Mvua za kwanza zikishuka na maji mekundu yakaanza kuingia, acha kila kazi. Kambale hupanda kuyafuata mpaka kwenye majani yaliyofunikwa usiku uleule, kutaga. Akimeza, chelezo hakichezi, kinazama moja kwa moja. Hesabu mpaka tatu, ndipo uvute. Na usimshike ovyo. Mapezi ya ubavuni yana miba iliyokaa kama misumari. Mkamate kwa gunia lililolowa, nyuma ya kichwa, miba ikiwa mbele ya vidole vyako.

Mambo mawili ya usalama, nayo siyatanii. Maji yaliyotulia yenye magugu na konokono ndiyo yenye kichocho, na mchana jua likiwa kali ndipo vijidudu vyake hutoka kwa wingi. Vaa mabuti, vulia nchi kavu, usiingie majini kukwamua ndoano ya shilingi mia mbili. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda zahanati, dawa ipo. Pili ni mamba. Kaa mita kadhaa kutoka ukingo, na samaki wako usiwaoshee mahali palepale kila jioni, maana mamba naye anajua kusoma ratiba. Palipo na viboko angalia njia zao, ule mfereji uliosuguliwa laini unaotoka majini kwenda malishoni. Usikae hapo giza likiingia.

Perege mtoe utumbo hapohapo, mpake chumvi, mfunge kwa majani ya mgomba. Kambale unaweza kumpeleka mzima, kwa sababu anavuta hewa ya juu kama sisi na gunia likiwa bichi atavumilia kwa saa nyingi. Funga gunia vizuri tu. Mimi niliwahi kulifunga kwa fundo la haraka, nikaliweka chini ya kiti cha basi, nikasinzia. Niliamshwa na mama mmoja wa kiti cha mbele aliyekuwa amepanda juu ya kiti chake na kanga mkononi, na kondakta amepiga magoti katikati ya basi akimtafuta wa pili.