LINUX IKIANGUKA, CHUNGUZA KABLA YA KUFUTA

Katika kurasa hizi tumezoea ngeli, methali na mashairi. Leo nawaletea somo la tarakilishi, maana wapo wasemao eti Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya mitambo. Hebu tuone.

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote ndani ya mashine. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Baadaye watu wengine walikusanya kiini hicho pamoja na programu nyingi, wakazifunga katika vifurushi ili iwe rahisi kuziweka mashineni. Slackware na Debian, zote zilizoanza mwaka 1993, ni mifano ya mikusanyo hiyo.

Katika stoo ya shule kuna mashine kuukuu yenye Debian ya mwaka 1997. Ndani ya diski yake mlikuwa na insha na mashairi ya wanachama waliotutangulia, ambayo hayapatikani penginepo. Programu ya kuandikia ilikuwa ikianguka kila tulipoifungua. Wenzangu wakasema, "Wacha tufute kila kitu, tuweke upya!" Jameni, kufuta ni kuzika jasho la watu! Nikawasihi tufuate hatua hizi nne.

Kwanza, hifadhi kazi. Tuliiwasha mashine kwa disketi ya uokoaji, kisha tukanakili insha zote katika disketi nyingine. Hapo hata mambo yakiharibika, mali ya chama iko salama.

Pili, jua kama kosa ni la vyuma au la programu. Rudia kazi ile ile mara tatu au nne. Ikikatika mahali tofauti kila mara, shuku vyuma: kumbukumbu ya mashine ni mbovu, au feni imekufa na joto limezidi. Mafundi wa miaka ile walipokuwa wakiunda kiini kutoka msimbo wake, na kazi ikakatizwa ovyo ovyo kwa ishara ya 11, mara nyingi kosa lilikuwa la kumbukumbu mbovu. Ishara hiyo maana yake ni kwamba programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Lakini ikianguka pale pale kila mara, shuku programu. Yetu ilianguka pale pale.

Tatu, soma ujumbe wa mashine. Linux ya miaka ile iliandika shajara katika faili ya /var/log/messages, na amri ya dmesg huonyesha maneno ya kiini chenyewe. Usikisie kabla hujasoma.

Nne, tafuta mgongano wa vifurushi. Programu nyingi hazijitoshelezi. Huazima kazi kutoka faili za pamoja ziitwazo maktaba, na maktaba kuu kuliko zote ni libc. Debian 1.3 ya mwaka 1997 ilitumia libc5, nayo Debian 2.0 ya Julai 1998 ikahamia libc6. Zote mbili zaweza kukaa katika diski moja bila ugomvi. Balaa huzuka programu moja inapozivuta zote mbili kwa wakati mmoja, kwani mafahali wawili hawakai zizi moja.

Tulitumia amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji. Kumbe! Programu yetu ilitaka libc5, ilhali maktaba za kuchorea madirisha zilikuwa zimeletwa kutoka Debian 2.0, nazo zikitaka libc6. Tukaiwekea toleo lililoundwa kwa libc6. Ikafunguka, ikatulia.

Ndugu msomaji, dpkg ikikataa kuweka kifurushi kwa sababu kinahitaji kingine, usiilazimishe. Kukataa kwake ni onyo la bure. Soma jina la kifurushi inachokidai, ukitafute kwanza. Ukitaka kujua faili fulani ni ya kifurushi gani, uliza kwa dpkg -S. Debian 2.1 ya Machi 1999 ilileta APT, ambayo hukutafutia vifurushi vinavyotegemeana, lakini hata msaidizi huyo anahitaji mtu anayesoma anachoambiwa.

ZOEZI

1. Mashine inakatika leo dakika ya tano, kesho dakika ya ishirini, katika kazi ile ile. Utaanza kukagua nini, na kwa nini?
2. Kwa nini libc5 na libc6 zinaweza kukaa katika diski moja lakini si ndani ya programu moja?
3. Eleza hasara mbili za kufuta kila kitu kabla ya kuchunguza.

Majibu mniletee kwenye kikao cha chama. Wakatabahu.