SOMO: MAJI YAKIINGIA KATIKA OILI YA DIFU

Huku kwetu Kakesio gari si kitu cha starehe. Ndilo humpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Masika yakifika, Machi hata Mei, hulazimika kuvuka makorongo yenye maji. Tukifika ng'ambo na injini ingali yanguruma, twashukuru na kusahau kutazama chini.

Sisi tulijifunza kwa gharama. Tulisikia difu ikilia, tukaipuuza. Ikasagika njiani tukiwa na mgonjwa, tukambeba kwa machela.

Maji huingiaje? Difu ikifanya kazi hupata moto, na hewa iliyomo hutanuka na kutoka katika tundu la kupumulia. Ikizama ghafula katika maji baridi, hewa hunywea, nayo difu huvuta pumzi. Ikiwa tundu limezama, au limezibwa na tope na sili zimechakaa, huvuta maji. Wenye mashua za injini katika Ziwa Viktoria wanaijua taabu hii, maana gia za injini zao hufanya kazi ndani ya maji.

Basi tupimeje?

Kwanza, tuegeshe gari mahali tambarare usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, nayo huteremka chini.

Pili, asubuhi tufungue nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Tukimwaga oili kisha ya juu ikakataa kufunguka, gari litalala hapo hapo.

Tatu, tulegeze nati ya chini polepole na kukinga kwa chupa safi. Yakitangulia maji, jibu limepatikana. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, yaelekea imechanganyika na maji. Povu la hewa nalo huifanya iwe nyeupe, lakini chupa ikitulia povu hupotea.

Nne, tukiwa bado na shaka, tudondoshe tone moja juu ya bati la moto, huku tukikaa mbali. Likitatarika, maji yamo.

Kubadili oili peke yake hakutoshi. Tusafishe tundu, tubadili sili mbovu, tutie oili mpya ya gia, na baada ya safari chache tutazame tena, maana maji kidogo hubaki ndani. Tukiona vipande vya chuma, tumwite fundi: beringi au meno ya gia yameanza kulika. Oili chafu tusiimwage korongoni, ambako ng'ombe hunywa.

Na kabla ya kuvuka, tusimame kidogo difu ipoe. Dakika hizo si za kupoteza.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Kwa nini difu yenye moto huvuta maji?
2. Ni nani kati yetu atakayeitazama oili kila baada ya mvua?