Dondoo Muhimu: Mipangilio ya Kila Hoteli

Uundapo programu moja itakayohudumia hoteli za Shangani na Nungwi huko Zanzibar, na hata Dar es Salaam, zingatia haya:

• Yabadilikayo kwa mahali, kama vile anwani ya hifadhidata, sarafu na kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Zanzibar ina sheria yake tangu 1998, sharti yakae katika faili la mipangilio, wala yasichanganywe na msimbo.

• Nywila na funguo za siri usizitie katika Git asilani; humo weka faili la mfano lisilo na siri.

• Mpangilio wa lazima ukikosekana, programu ikatae kuanza na ibainishe sababu.

• Siri ikishavuja, kuifuta hakutoshi: ibadilishe bila kuchelewa.